Ovaroli za kuchomea vyuma: daraja la 1 linatosha?

Hamjambo wadau. Naomba ushauri kwa walio kwenye kazi ya vyuma.

Nina karakana ndogo Kariobangi Light Industries, Nairobi, tuko wanne, tunatengeneza mageti na matangi. Juzi cheche zilimwangukia kijana wangu pajani. Ovaroli yake ilikuwa na poliesta, basi kitambaa hakikuungua tu, kiliyeyuka kikang'ang'ania ngozi. Anaendelea vizuri. Mimi ndiye silali, maana sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga, na mwajiri ni mimi.

Nimezunguka Gikomba. Jaketi za mtumba za dangirizi zipo, nzito kweli, lakini nyingi lebo zimekatwa. Nimejaribu kuchoma uzi kwa kiberiti: ukinuka kama karatasi ni pamba, ukijikunja kuwa kidonge kigumu una plastiki. Duka moja Industrial Area wana za pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, zenye alama ya ISO 11611 (kiwango cha kimataifa cha nguo za kinga za wachomea vyuma), daraja la 1 na la 2. Bei ya daraja la 2 ilinitoa jasho, na muuzaji mwenyewe hakuweza kunieleza tofauti.

Kazi yetu nyingi ni ya mezani, ila mara mojamoja tunachomea juu ya kichwa, cheche zikishuka mabegani. Je, daraja la 1 pamoja na aproni ya ngozi litatosha, au ninunue la 2 angalau kwa huyo anayepanda juu? Halafu hizi zilizotiwa dawa mnazifuaje? Anayetufulia hapa hutia jiki kwenye kila kitu.