Kiyoyozi cha Peugeot ya Babu: gumzo la kikundi cha ukoo, Isamilo, Mwanza

Ijumaa

Babu (18:05): Wanangu na wajukuu zangu, habari za jioni. Kama mnavyojua, Jumamosi ijayo gari langu la Peugeot 504 ndilo litakalombeba bibi harusi kutoka hapa Isamilo hadi ukumbini Nyegezi, nyuma ya matarumbeta, na msafara wa matarumbeta hauendi mbio. Kiyoyozi chake kinavuma vizuri lakini hakipoozi. Mwezi huu nimeshaongezewa gesi mara mbili katika gereji moja ya mjini, na kila mara ubaridi umezidi kupungua badala ya kuongezeka. Naomba ushauri, kwa sentensi kamili na bila vifupisho, kama ilivyo kanuni ya kikundi hiki.

Mimi (18:19): Shikamoo Babu. Jana nililiendesha gari hilo nikiwa nimechomeka kipimajoto cha jikoni kwenye tundu la hewa la katikati. Tulipokuwa tunaelekea Usagara kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa, kipimo kilishuka hadi nyuzi 11, ilhali nje kulikuwa na nyuzi 29. Wakati wa kurudi tulikwama kwenye foleni ya Mkuyuni, na kabla hatujasogea hata nguzo tatu za umeme kipimo kilikuwa kimepanda hadi nyuzi 19.

Babu (18:24): Marahaba mjukuu wangu. Stoo ninayo makopo mawili ya gesi ya R-12 niliyoyanunua zamani, tena yale ya kopo zito. Je, tusijaribu hiyo?

Mjomba (18:41): Shikamoo Baba. Nakuomba makopo hayo yabaki stoo. R-12 ni miongoni mwa gesi zilizowekewa ukomo na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 kwa sababu ya kuharibu tabaka la ozoni, lakini hata tukiliacha hilo, mfumo wako sasa una R-134a, na gesi hizo mbili hazichanganywi. Hata oili zake ni mbali mbali: ile oili ya madini iliyotumika na R-12 haiyeyuki ndani ya R-134a, hivyo hubaki imetuama kwenye mabomba huku kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi, ikisagika kwa ukavu.

Sasa nirudi kwenye vipimo vya mpwa wangu, kwa sababu hiyo tofauti ya 11 na 19 imenieleza mengi. Gari lililopungukiwa gesi kwa kawaida haliwi na ubaridi mzuri likiwa mbioni. Huwa hafifu kote kote. Kiyoyozi hakitengenezi baridi, bali kinalibeba joto la ndani ya gari na kwenda kulitupa nje kupitia kondensa, ule wavu uliokaa mbele ya rejeta. Gari likikimbia, upepo wa barabarani hulipokea joto hilo na kuondoka nalo. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Nilipokuwa nikihudumia vyumba vya baridi vya kiwanda cha sangara, chumba kikianza kupata joto hatukukimbilia chupa ya gesi, tulitoka nje kwanza tukaangalie kama kondensa inapumua.

Binamu wa Dar (18:50): Shikamoo Babu, shikamoo Baba Mkubwa. Je, si kwamba kompresa yenyewe inazunguka polepole injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikinguruma tu bila kukanyagiwa mafuta? Injini hiyo ni ya Toyota na kompresa ilitoka gari jingine kabisa.

Mjomba (18:58): Marahaba. Hoja yako ni ya kweli, na ndiyo maana nyuzi mbili au tatu za kupanda kwenye foleni nisingezishangaa. Nyuzi nane ni nyingi mno. Hata hivyo umenikumbusha ugumu wa gari hili: injini ya huku, kondensa ya kule, na kile kisanduku cha evaporeta, yaani sehemu inayopooza hewa, kilichofungwa chini ya dashibodi kimetoka kwenye basi dogo. Hakuna kibandiko chini ya boneti kinachotaja gramu za gesi, kwa hiyo kila fundi aliyeongeza alikuwa anakisia.

Mama Mdogo (19:15): Baba, shikamoo. Mimi si fundi, ni mhazini wa kamati tu, lakini niliwahi kukaa kiti cha mbele siku tulipokwenda kuukagua ukumbi. Niliona mshale wa joto la injini ukipanda kila mara kiyoyozi kilipowashwa tukiwa tumesimama, na ukishuka kilipozimwa.

Mjomba (19:17): Mdogo wangu, hilo umelisema leo?

Mama Mdogo (19:18): Hakuna aliyeniuliza.

Mjomba (19:26): Ile feni ndogo ya umeme iliyofungwa mbele ya kondensa huwaka pale tu kiyoyozi kinapowashwa. Ingekuwa inasaidia, mshale usingepanda kiasi cha kuonekana. Kesho saa tatu asubuhi nitafika na geji zangu. Mpwa wangu, andaa ndoo mbili za maji.

Jumamosi

Mimi (10:12): Ninawaandikia nikiwa uani kwa Babu ili walio mbali wafuatilie. Gari limesimama, injini imewaka, kiyoyozi kimewekwa mwisho. Geji ya upande wa shinikizo la chini inasoma paundi 55 kwa inchi ya mraba na ya upande wa shinikizo la juu 320. Mjomba anasema kwa joto la leo asubuhi angetarajia kiasi cha 30 na 200. Kompresa iliyochoka ingeonyesha upande wa juu ukiwa chini, kwa hiyo kompresa imeondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Mimi (10:20): Tumemwaga ndoo ya maji taratibu kwenye kondensa. Shinikizo la juu limeporomoka hadi 230 na hewa ya ndani imeshuka kutoka nyuzi 19 hadi 13. Maji yalipokauka, vyote vikarudi vilikotoka.

Binamu wa Dar (10:23): Kwa hiyo wavu umeziba?

Mimi (10:37): Umeziba kiasi. Nimetoa kwa brashi laini tabaka la wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoruka kama moshi na kugandamana na chochote kilicho mbele ya gari, pamoja na vumbi lililoshikamana juu yao. Wote tuliamini tumemaliza. Tulipopima tena tulipata nyuzi 18.

Mimi (10:52): Mjomba aliomba karatasi ngumu. Iliyokuwa karibu ni kadi ya mchango wa harusi, akaishika mbele ya grili. Feni ya mbele hutakiwa kusukuma hewa kuelekea rejeta, hivyo kadi ilipaswa kuvutwa na kunasa kwenye grili. Kadi ilisukumwa nje ikampiga Mjomba kifuani. Feni inazunguka kinyume! Waya zake mbili zilifungwa kwa kubadilishana, bila shaka siku ile injini ilipobadilishwa, na tangu hapo feni ya injini inavuta hewa kwenda nyuma huku hii ya umeme ikiirudisha mbele.

Mjomba (11:05): Gari likiwa mbioni, upepo wa barabarani ulizishinda feni zote mbili, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Nimezibadilisha waya, na kadi sasa inanasa. Shinikizo la juu limeshuka hadi 260 na hewa ni nyuzi 15, lakini 260 bado ni kubwa kwa sababu gesi iliyomo imezidi. Pia naamini kuna hewa ya kawaida ndani, kwani Baba anasema aliyeongeza gesi hakuitoa hewa iliyokuwa ndani ya mpira wake kabla ya kuufunga. Ninaitoa yote na kuikusanya kwenye chupa yake, siyo kuifungulia angani, kisha nitauvuta mfumo wote hadi ubaki mtupu.

Binamu wa Dar (11:48): Baba Mkubwa, nimeona kwenye picha kwamba pampu ya kuvuta hewa imekwama kwenye inchi 26 za utupu. Fundi wa huku kwetu hakubali chini ya 29. Je, hakuna sehemu inayovuja?

Mjomba (11:56): Swali zuri, na limewahi kuwagharimu watu pampu nzima. Wewe uko usawa wa bahari. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu yake, na hewa inayotukandamiza huku ni nyepesi zaidi, hivyo utupu kamili kwa geji ya aina hii huishia karibu na 26. Tungeisubiri 29 tungeingia harusini pampu ikiwa bado inanguruma. Cha kutazama ni iwapo mshale unatulia pampu ikizimwa, na umetulia nusu saa nzima. Hakuna panapovuja, Baba. Gesi yako haikuwahi kupungua.

Babu (12:03): Kwa hiyo nililipia mara mbili kitu nilichokuwa nacho.

Mimi (13:10): Gesi imerudishwa kwa mizani. Mjomba alianza na gramu 450, kisha akaongeza 50 kwa 50 huku mimi nikisoma kipimajoto kwa sauti. Kutoka 550 hadi 600 hewa ilipoa kwa nyuzi moja; kutoka 600 hadi 650 haikupoa hata kidogo ila shinikizo lilipanda, hivyo akazitoa zile 50 za mwisho. Upande wa chini ni 33, wa juu 205. Gari likiwa limesimama tuna nyuzi 13.

Mama Mdogo (13:14): Nyuzi 13 zinatosha?

Mjomba (13:31): Kwa vipimo hivyo nilitarajia 9 au 10, kwa hiyo nimezishika hozi mbili za hita kwenye ukuta wa injini na zote zinaunguza. Maji ya moto yanapita ndani ya hita muda wote, pembeni kabisa ya hewa tunayoipooza. Baba, koki ya hita imefunguliwa na nani?

Babu (13:40): Niliifungua mimi. Madereva wa zamani tulifundishwa kwamba injini ikipata joto mlimani ufungulie hita ili ipumue, na mshale ulipoanza kunisumbua mwaka jana nikaifungua. Nilisahau kuifunga.

Mjomba (13:44): Mshale ulikusumbua kwa sababu ya ile feni.

Mimi (13:58): Koki imefungwa. Tumepima dakika kumi gari likiwa limesimama juani, watu wanne ndani: nyuzi 9. Mshale wa injini haujasogea. Kesho tutashuka nalo hadi Nyegezi kwa mwendo wa matarumbeta, gia ya kwanza na ya pili tu, tuone.

Babu (14:06): Nawashukuru sana. Wakati wa kwenda nitakaa nyuma mimi mwenyewe, mahali atakapokaa bibi harusi, nikiwa na koti la suti.

Mama Mdogo (14:11): Nami naomba kadi iliyotumika kupimia feni irudi kwangu hata kama ina oili. Nimeikuza picha na kusoma jina: ni ya Mjomba, na bado haina alama ya malipo.