Mjadala: The Naked Gun 2½ inamcheka polisi, au inamkinga?

Mleta mada
Wadau, naweka msimamo wangu mapema ili mtu ajue anapinga nini. The Naked Gun 2½: The Smell of Fear, iliyotoka Marekani Juni 1991 chini ya mwongozaji David Zucker, ni muendelezo bora kuliko wowote wa vichekesho vya polisi, na naiweka juu hata ya filamu ya kwanza ya 1988. Hoja inayorudi kila mara ni kwamba filamu hizi hazifai tena, kwa kuwa zinamchukua polisi anayeua na kubomoa zikamfanya kipenzi cha watu. Mimi naona zinafanya kinyume chake, na hii ya pili ndiyo inayofanya kwa ukali zaidi.

Angalieni inavyofunguka. Luteni Frank Drebin, yaani Leslie Nielsen, yuko kwenye dhifa ya Ikulu ya Marekani, anatuzwa kwa kumuua muuza dawa za kulevya wa 1,000. Makofi. Anasimama kushukuru, anasema kwamba wale wawili wa mwisho aliwakanyaga kwa gari akirudi nyuma, na bahati nzuri ikabainika nao walikuwa wauzaji. Ukumbi hautikisiki. Kinachochekwa hapo si gari wala maiti, ni ukumbi uliovaa suti. Kumbukeni Septemba 1989 Rais George Bush mwenyewe alihutubia taifa kwenye televisheni akiwa ameshika mfuko wa kokeini. Filamu inachukua hesabu ya namna hiyo, ya ushindi unaopimwa kwa waliokamatwa na waliokufa, inaisukuma hadi mwisho wake.

Halafu kuna kisa chenyewe. Dkt. Albert Meinheimer, anayeigizwa na Richard Griffiths, anatakiwa kumshauri Rais kuhusu sera ya nishati. Wakubwa wa mafuta, makaa ya mawe na nyuklia wanamteka na kumweka mtu anayefanana naye. Februari mwaka huohuo serikali ya Bush ilikuwa imetoa mkakati wake halisi wa nishati, na vita vya Ghuba ndiyo kwanza vilikuwa vinaisha. Filamu ngapi za watu kuanguka ngazi zilithubutu kuingia hapo?

Raia Macho
Mkuu, umeisoma vizuri dhifa ile, lakini umesahau anayetazama. Ukumbi wa Ikulu unapiga makofi, na sisi sebuleni tunacheka pamoja na Drebin, hatumchukii hata dakika moja. Hapo ndipo tatizo lilipo. Mhusika mzembe asiye na nia mbaya ni kinga kubwa kuliko mhusika shujaa. Shujaa akiua unamuuliza kwa nini. Mzembe humuulizi, maana hakukusudia. Katika maisha, maelezo ya kwanza baada ya polisi kumuumiza mtu huwa ni hayohayo: ilikuwa bahati mbaya.

Jambo la pili ni Nordberg. Polisi mweusi wa timu, aliyeigizwa na O.J. Simpson, ndiye mwili wa kupokea mapigo. Filamu ya kwanza inaanza kumpiga risasi na kumgongesha kila kitu melini, inamfuata mpaka hospitali, na hata uwanja wa besiboli hatoki salama. Ya pili inamweka chini ya gari linaloondoka naye. Wenzake weupe wanaumizwa mara chache, na kwa wepesi.

Mkata Filamu
Nijibu kwa upande wa kazi, kwa sababu hoja ya Raia Macho kwamba "tunacheka pamoja na Drebin" inategemea jinsi picha zilivyopigwa na kukatwa.

Nielsen kabla ya kichekesho cha Airplane! cha 1980 alikuwa mwigizaji wa filamu nzito. Alikuwa kamanda kwenye Forbidden Planet mwaka 1956, na nahodha kwenye The Poseidon Adventure mwaka 1972. Zucker na wenzake walimchukua kwa sababu hiyo. Anaigiza kwa uso mkavu, sauti ya mpelelezi wa kweli, hajui kabisa kwamba yumo kwenye kichekesho. George Kennedy, anayeigiza bosi wake Ed Hocken, alishinda tuzo ya Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa Cool Hand Luke. Muziki wa Ira Newborn nao ni wa bendi kubwa ya jazi, unapigwa kwa heshima zote kama wa tamthilia ya uhalifu. Ukiondoa kimojawapo, mtazamaji anaanza kuona mtu anayejichekesha, na papo hapo kicheko kinakufa.

Kuna kanuni waliyoishika sana: vichekesho viwili havikai mahali pamoja kwa wakati mmoja. Kama nyuma ya fremu kuna kituko, walio mbele wazungumze kikazi. Kama aliye mbele anafanya kituko, nyuma pawe shwari. Waigaji wengi wanakosea hapa. Wanajaza fremu nzima, jicho halijui litue wapi, na kila kichekesho kinakula mwenzake.

Chukueni kipigo cha mlango, ambacho mke wa Rais anakipata zaidi ya mara moja. Kwa kawaida mlango haumfikii mtu usoni. Kamera huwekwa upande ambao pengo halionekani, mbadala wa hatari, yaani anayechukua nafasi ya mwigizaji kwenye vituko vya kuumiza, huuzuia mlango kwa kiganja au mguu, kisha kichwa kinarushwa nyuma. Sauti ya kishindo huongezwa baadaye. Kwenye fremu 24 kwa sekunde, yaani picha moja moja za filamu, mhariri akitoa fremu mbili au tatu tu kabla ya mgongano, kipigo kinaonekana kizito. Akitoa nyingi zaidi, jicho linaona mruko na uongo unajulikana. Picha iwe pana, mwili mzima uonekane tangu kusimama hadi kuanguka. Ukikimbilia uso wa aliyeumia umeleta maumivu, na maumivu yanazima kicheko. Baada ya kishindo huachwa sekunde moja au mbili bila maneno ya maana, kwa kuwa ukumbi unaocheka hausikii kitu.

Sasa, Raia Macho, hapo ndipo una hoja kuliko unavyodhani. Mbinu hii yote kazi yake ni kuficha maumivu. Ndiyo maana anayechaguliwa kuumizwa ni jambo la kuulizwa kila mara, na kwa Nordberg sina utetezi wa kiufundi. Kwa mke wa Rais ninao: kuna raha ya kweli kuona itifaki yote ya Ikulu inaangushwa na kitasa.

Shabiki wa Televisheni
Ndugu, msisahau chanzo. Police Squad!, mfululizo wa televisheni uliozaa filamu hizi, ilirushwa na kituo cha ABC mwaka 1982, vipindi sita tu, ikafutwa. Haikuwa na kicheko cha kurekodiwa, na vituko vingi vilikuwa pembeni mwa skrini, kwa hiyo anayesikiliza huku anapiga pasi alipitwa na nusu ya mambo. Kwenye ukumbi wa sinema mtu ameketi gizani anaangalia mbele. Mashine ileile, mahali tofauti. Filamu ya kwanza ikaingiza takriban dola milioni 78 Marekani, ya pili zaidi ya milioni 86. Ya tatu, ya 1994, ilishuka sana. Zucker alikuwa ameacha kiti cha mwongozaji kwa Peter Segal.

Ila mimi bado naipa ya kwanza ushindi. Ya pili inaegemea mno filamu nyingine. Onyesho la udongo wa mfinyanzi linaiiga Ghost ya 1990, ambayo iliongozwa na Jerry Zucker, ndugu yake David. Kijana ambaye hajaiona Ghost anapata nini pale?

Mkata Filamu
Anapata udongo unaoruka kila upande huku wapendanao wakiendelea kuwa makini kabisa. Kinachokufa haraka ni uigaji unaoishia kumkumbusha mtu filamu nyingine. Ule wenye kituko cha mwili ndani yake unadumu.

Mleta mada
Raia Macho, kuhusu Nordberg nakubaliana na Mkata Filamu, pale hakuna pa kujificha. Lakini kwa Drebin, fuata mnyororo huu. Anachukua kifaru cha kivita cha kikosi maalumu, kinamshinda, kinapasua nyumba ya mhalifu na kumpa nafasi ya kutoroka, kisha kinavunja bustani ya wanyama. Wanyama wanatoka. Muda mrefu baadaye, karibu na mwisho, tajiri Hapsburg, mbaya wa filamu, aliyeigizwa na Robert Goulet, anaanguka dirishani, turubai linamwokoa, na akidhani amepona anakutana na simba. Uharibifu wa polisi haukusahauliwa na waandishi, umehesabiwa na kulipwa. Na bomu la Hapsburg nalo, Drebin halitegui kwa ujuzi. Anajikwaa kwenye waya, plagi inachomoka. Filamu inasema wazi kwamba nchi imepona kwa sadfa.

Raia Macho
Umenipa ushahidi wangu mwenyewe, mkuu. Simba anamla nani? Anamla mbaya. Kifaru kilipobomoa bustani, malipo yote yalimwangukia adui, na polisi akatoka msafi. Wale wawili waliokanyagwa kwa gari nao ikawa hivyohivyo: wakageuka kuwa wauzaji. Kila kosa la Drebin linasahihishwa na bahati kabla hatujalitazama.

Mleta mada
Ndiyo, na kwa sababu linarudiwa kila mara, kwa mpangilio uleule na uso uleule mkavu, ndiyo tunaliona. Bahati ikisahihisha mara moja ni kisa. Ikisahihisha mara 10 ndani ya dakika 85, mtazamaji anajua ameonyeshwa jinsi taarifa ya polisi inavyoandikwa: kosa linatokea, kisha sababu inatafutwa mpaka ipatikane.

Raia Macho
Anayetaka kuiona hivyo ataiona. Tungojee waliotazama ile mpya ya 2025, ya Liam Neeson akiwa mwana wa Drebin, watuambie kama hata mara moja bahati inakataa kumsaidia. Hiyo kwangu ndiyo ingekuwa hatua mbele, na uso mkavu wa Neeson unaweza kuibeba.