Naomba ushauri: brashi ipi ni ya kazi ipi?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wakuu. Nachora majahazi kwa akriliki kwenye turubai. Nina pakiti ya brashi za kila umbo, ila nazoea ile ya duara kwa kila kitu. Anga inabaki na michirizi, na kamba za tanga zinavimba au zinakatika njiani. Nisaidieni, nataka kazi hizi ziuzike.

Mchoraji wa Mwenge
Anga ni kazi ya brashi bapa, tena pana, sentimita 4 au 5. Ilowanishe kidogo, vuta ukingo hadi ukingo, kisha uache. Akriliki inakauka upesi, ukirudia palipoanza kushika utaing'oa. Bapa hiyohiyo ukiisimamisha kwa ncha inakupa mstari ulionyooka wa mlingoti au foromali, ule mti unaobeba tanga.

Fundi Mabango
Kwenye kamba, watu wengi hukimbilia brashi ndogo kabisa ya duara. Sikubaliani nao. Nywele zake ni fupi, hazibebi rangi ya kutosha, ndiyo maana mstari unakatika. Tafuta nyembamba yenye nywele NDEFU. Wachoraji wa meli wa Ulaya waliitumia kwa kamba hizohizo. Zimua rangi kwa maji mpaka iteremke yenyewe, egemeza kidole cha mwisho kwenye turubai, halafu vuta mstari wa jarari (kamba ya kupandishia tanga) kwa mkono mzima, siyo kwa vidole. Usikandamize, ukikandamiza tu inavimba.

Mwanzisha uzi
Asante sana mkuu. Jamaa mmoja anayechora kwa mtindo wa Tingatinga aliniambia anga yake anaipaka kwa brashi yoyote na haina michirizi. Inakuwaje?

Mwalimu wa Sanaa
Kwa sababu ya rangi yake. Tangu enzi za marehemu Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo huo, mwishoni mwa miaka ya 1960, wao wanatumia rangi ya mafuta ya kung'aa. Ile inachelewa kukauka na hujisawazisha yenyewe. Akriliki haikufichii alama ya brashi kwa kiasi hicho, kwa hiyo umbo la brashi linakuhusu zaidi wewe kuliko yeye.

Mawimbi na mawingu yape bapa yenye ncha ya mviringo, haiachi kona kali. Ile iliyotanuka kama upepeo ni ya kulainisha kingo za mawingu tu. Ukiizoea, kila kitu kitafanana.

Pia chagua nywele za sintetiki. Za nguruwe ni nzuri kwa rangi nzito ya mafuta, lakini zikikaa kwenye maji zinalegea.

Fundi Mabango
Naongezea: rangi isipande mpaka kwenye bati linaloshika nywele. Ikigandia humo nywele zinatawanyika, na brashi ya kamba ndiyo inayokufa kwanza. Ioshe ungali unachora, ilaze chini, usiiache imesimama kichwa chini ndani ya kopo.