Privoxy na tovuti za https: naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo Nkuhungu, Dodoma, kompyuta nne tu, na bando linaliwa na matangazo kuliko wateja. Nimeweka Privoxy (programu inayokaa kati ya kompyuta na mtandao na kuchuja matangazo), poti 8118, ila tovuti za https, zile ambazo mawasiliano yake yamefichwa, zilikuwa zinapita bila kuguswa. Ilikuwa inaona jina la tovuti basi. Kuanzia toleo 3.0.29 la mwaka 2020 inaweza kufungua https na kuchuja ndani, nikatengeneza cheti (faili la kuifanya kompyuta iiamini Privoxy), nikakiweka mashine moja. Ukurasa wa gazeti ukaja msafi, tangazo hata moja hamna! Mashine zile tatu nyingine zinagoma, zinaleta onyo la usalama. Cheti kinaingizwa kila mashine kwa mkono? Na mteja akifungua tovuti ya benki, naiachaje ipite bila kufunguliwa? Pesa za watu sitaki kabisa kuzichungulia.