Zanzibar na umeme wa jua: tujizalishie au tuendelee kuvuta waya kutoka Bara?

Mleta mada:
Wakuu naomba hili tulijadili bila ushabiki wa Bara na Visiwani, maana kila likiguswa watu wanahamia kwenye Muungano na umeme wenyewe unasahaulika. Mwekezaji akija leo na hela yake anataka kujenga shamba la sola Unguja, tumpe ardhi na mkataba wa miaka 20 au tumwambie ahsante, waya wa baharini unatosha?

Mimi nataka tuzalishe wenyewe, ila sio kwa staili hii inayoimbwa kwenye makongamano ya uwekezaji. Umeme wetu karibu wote unapita chini ya bahari. Unguja tunategemea zaidi ule waya wa megawati 100 uliokamilika 2013 kwa hela za MCC, mfuko wa misaada wa serikali ya Marekani, Pemba wana wao unaotokea Tanga tangu 2010, Wanorwei ndo walisaidia. Kabla ya hapo tulikuwa na ule wa 1980 na waliokuwepo wanajua ulivyotutenda, Mei 2008 giza karibu mwezi mzima, tukajua yameisha, kumbe Disemba 2009 ukazima tena mpaka Machi 2010, miezi mitatu jamani, pampu za maji hazifanyi kazi, watu wanahangaika na madumu, mahoteli yananguruma majenereta usiku kucha na gharama ya dizeli mnaijua wenyewe. Waya mpya ni imara zaidi, sibishi, ila hoteli zinaongezeka kila siku na watu tumeshafika karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022. Megawati 100 hazinyumbuki.

Mtu wa Bara:
Mkuu hapo kwenye "hazinyumbuki" ndo jibu lenyewe, ongezeni waya. Bwawa la Nyerere pale Rufiji ni megawati 2,115, mashine zimeanza kuwaka 2024, umeme wa maji ni wa bei nafuu na unapatikana hata saa mbili usiku. Sasa kwa nini kisiwa kidogo kihangaike na sola inayolala magharibi wakati jirani ana umeme wa kumwaga? Mimi naona hizi "fursa za nishati mbadala" ni fursa za mwekezaji, sio za mwananchi. Anakuja na pawapointi nzuri, anapewa mkataba wa kulipwa hata kama umeme wake haukuchukuliwa, miaka 20 mnalipa tu.

Mleta mada:
Hapo kwenye mkataba tuko pamoja kabisa. Lakini bwawa kujaa Rufiji hakufanyi ule waya wetu wa Unguja unaoingilia Fumba uwe mnene, na kuvuta mwingine ni hela nyingi na miaka. Alafu kuna ishu ya deni. 2017 TANESCO walisema ZECO, shirika letu la umeme Zanzibar, inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 120, likatoka agizo la juu kabisa kwamba wasiolipa wakatiwe, Zanzibar ikiwemo. Sitaki kuingia nani alikuwa na haki, kila upande ulikuwa na hesabu zake na bei ya jumla imelalamikiwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye duka moja tu la kununulia hana ubavu wa kubishana bei. Hata ukizalisha robo tu ya mahitaji yako mezani unakaa tofauti.

Fundi wa sola:
Naomba niseme kitu kimoja ambacho wanasiasa hawapendi kukisikia. Sola bila betri kwa kisiwa ni kupunguza bili ya mchana tu. Kilele cha majumbani ni jioni, watu wamerudi, feni, tivi, pasi, kila kitu, na jua lishazama. Afadhali mpango wa Makunduchi unaoungwa mkono na Benki ya Dunia, megawati 18 lakini na betri zake, hapo angalau kuna mtu alifikiri. Betri za lithiamu zimeshuka bei sana miaka kumi hii, zamani ungesema hivi ungechekwa.

Na msisahau masika. Machi mpaka Mei wingu linakaa siku kadhaa, sola inashuka vibaya. Upepo nao una tabia zake, kusi likishika katikati ya mwaka linavuma vizuri, kaskazi nalo kuanzia Disemba, lakini kipindi cha maleleji katikati hapo mashine zinakuangalia tu. Cape Verde walijenga mashamba ya upepo kwenye visiwa vinne, jumla megawati 25.5, yakaanza kuwaka 2011 na 2012, mafanikio makubwa kweli, ila kisiwa kikiwa kidogo upepo ukizidi mahitaji inabidi uzimishe baadhi ya mashine. Na ukiuzima kama mkataba unasema lipa, unalipa. Ah na chumvi! Nati na fremu za bei rahisi ufukweni zinakula kutu haraka mno, halafu mtu anasema sola haifai.

Mpemba:
Nyote mnaongea megawati, hakuna anayeongea ardhi. Megawati moja ya sola chini inakula hekta moja mpaka mbili. Hiyo ya 18 ukiipigia hesabu ya chini, tuseme hekta 20, ni kama eka 50. Sasa huku kwetu watu wamekaa kwenye eka tatu tatu walizogaiwa baada ya Mapinduzi, kwa hiyo mradi mmoja unaweza kumeza eka za familia 16. Na ardhi kisheria ni ya Serikali, mtu ana haki ya kutumia tu, kwa hiyo akija mwekezaji kinachohesabiwa ni minazi, mikarafuu na miembe iliyopo juu. Mkarafuu unangoja miaka sita saba ndo uanze kukupa kitu, unalipwa mara moja, basi umekwisha. Mwanao atachuma nini? Msiniambie ajira, shamba la sola likishajengwa linataka walinzi na wafuta vumbi wachache.

Mleta mada:
Wallahi sheikh wangu hilo ndo nililokuwa nalijia. Ndo maana nasema fursa halisi haiko kwenye mashamba makubwa, iko kwenye mapaa. Mahoteli ya Nungwi mpaka Paje yana mapaa na maegesho, kiyoyozi kinafanya kazi mchana jua likiwa kali, na wengi tayari wana jenereta za akiba wanazozichukia. Hospitali, shule, maghala ya bandarini, ofisi za Serikali, hakuna mkarafuu hata mmoja wa kukata. Mwekezaji aweke paneli na betri, ziada inunuliwe na ZECO kwa bei iliyopangwa wazi na ZURA, mamlaka inayodhibiti maji na nishati Zanzibar. Faida yake itakuwa ndogo kuliko ya shamba, na ndo maana hatumsikii akiiomba.

Mtu wa Bara:
Sawa, mapaa nakubali. Ila hoteli wakijitoa mchana ZECO inapoteza wateja wake wanaolipa vizuri, nguzo na transfoma zitalipiwa na nani? Yule wa Tukuza, mita ya kulipia kabla, anayenunua ya buku mbili?

Mleta mada:
Hoja nzito hiyo, na sioni njia nyingine zaidi ya hoteli kulipia huduma ya kuunganishwa kila mwezi, watumie wasitumie, maana usiku na kwenye masika watarudi kwenye gridi mbio.

Fundi wa sola:
Na ukishamaliza hilo uliza malipo ni kwa dola au shilingi. Mteja analipa shilingi, mwekezaji amekopa dola, shilingi ikishuka anayebeba ni nani? Mikataba mingi hapo ndo inapofungwa milango na watu wanaambiwa ni siri ya kibiashara. Hicho kipengele kiwekwe hadharani kabla ya kusaini, hata kama ni paa la hoteli moja.