Tupeane uzoefu: Mliotoka kuuza stendi na sokoni mkaingia maduka makubwa, hoteli na zabuni, Mtwara na Lindi

Mbanguaji wa Chuno
Wakuu, shikamooni wakubwa. Naanza mimi. Nilikuwa nabangua korosho nyumbani na kuziuza stendi alfajiri, mabasi ya Dar yakijaza abiria. Siku moja mpishi wa hoteli akataka kilo 10 kila wiki. Mhasibu wake akauliza risiti na TIN, namba ya mlipakodi. Sina. Oda ikapotea hapo hapo, na iliniuma kwelikweli.

TIN haina malipo, niliipata. Nikaenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakanipa mafunzo na barua ya utambulisho kwenda TBS, shirika la viwango, kwa ajili ya nembo ya ubora. Kumbe tatizo lilikuwa chumba. Jiko la kukaangia korosho lisiwe lile ninalosongea ugali wa watoto, madirisha yawe na wavu, wanaofungasha wapime afya. Nikagawa ukumbi wangu kwa ukuta wa matofali. Mume wangu hadi leo analalamika TV ipo koridoni.

Lebo nikaweka tarehe, uzito na msimbo wa mistari (barcode) unaoanza na 620, yaani wa Tanzania. Duka moja kubwa likachukua pakiti 60, malipo baada ya siku 30. Nililipwa siku ya 74. Na korosho haingoji mtu, msimu ni Oktoba hadi Desemba. Nisipokuwa na hela wakati huo, mwaka mzima nabaki kuangalia sufuria. Siku hizi duka halipati zaidi ya theluthi ya mzigo. Zilizobaki stendi, taslimu.

Nanyi?

Mtu wa Tandahimba
Dada, hujagusa korosho ghafi. Hapa inapita AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, inaingia ghalani, inapigwa mnada. Mbanguaji mdogo akinunua gunia mbili kwa jirani, kwenye geti la ukaguzi anaitwa kangomba, mnunuzi wa magendo. Mimi nilinyang'anywa moja. Tangu hapo sisafirishi bila karatasi, hata iwe debe.

Kikundi Lindi Mjini
Sisi tulipita kwenye zabuni. Wanawake 9, mboga na viungo. Afisa maendeleo ya jamii alitusaidia kusajili kikundi halmashauri, kijana wa mwenzetu akatuingiza kwenye NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni, maana kwenye ununuzi wa umma kuna fungu la makundi maalumu. Tukapata kupeleka jikoni kwa shule ya bweni. Tulifurahi mno, tukashona na vitenge.

Mboga tulikuwa nazo. Vitunguu vinatoka mbali. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Somanga, gari letu likalala upande wa pili na vitunguu vikaanza kuchipua humo humo. Sokoni ukikosa bidhaa unamwambia mteja njoo kesho, anacheka, anaenda. Kwenye mkataba wanafunzi wanakula leo. Tulinunua vya hapa mjini kwa bei ya kulia, tukapeleka kwa hasara. Lakini hawakututoa. Mweka hazina wetu sasa anaweka akiba ya wiki mbili ya bidhaa zisizooza, hata kama wengine wanasema anabana.

Samaki wa Feri
Mimi nilirudi mtaani, sioni haya. Hoteli ilitaka changu wa ukubwa mmoja, kila Ijumaa. Bahari haipokei oda, kusi ikivuma ngalawa hazitoki. Nikatozwa faini kwa mkataba niliosaini bila kusoma.

Mbanguaji wa Chuno
@Samaki wa Feri pole kaka. Mkataba wangu wa kwanza nao sikuusoma. Wa pili nilimpa binti yangu wa sekondari anisomee jioni, akakuta mstari unasema pakiti zisizouzwa zinarudishwa kwa gharama yangu. Tuliufuta kwa kalamu mbele ya meneja, tukasaini pembeni sote. Hakukataa, alishangaa tu.

@Kikundi Lindi Mjini, mmeanza kulipwa kwa wakati au nanyi mnangoja?

Kikundi Lindi Mjini
Tunangoja mama. Muhula uliopita umelipwa nusu. Ila kila mzigo tunapeleka na hati ya makabidhiano, storikipa anasaini, nakala moja inakaa kwenye sanduku la mweka hazina. Tukienda kudai hatubishani na mtu, tunaziweka mezani.