Enter the Matrix ya PS2: nimepata CD orijino, nisaidieni kukamilisha seti

Kijana wa Ngamiani:

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote shikamooni.

Wiki iliyopita nilikuwa Unguja kikazi. Nikapita Darajani kwenye duka moja la mitumba ya vyombo kutoka Uingereza, yale yenye majokofu, spika na baiskeli za watoto. Chini ya kreti la vikombe kulikuwa na makava ya PlayStation 2, kumi na kitu hivi, karibu yote ya mpira. La chini kabisa lilikuwa Enter the Matrix, gemu la zile filamu za The Matrix. Nikalifungua nikitegemea litakuwa tupu, maana mitumba ndivyo ilivyo. CD ilikuwemo. Kijitabu hakikuwemo, na kava lina ufa kwenye kona, ila CD yenyewe inang'aa. Nikalipa shilingi 5,000 bila kuomba kupunguziwa.

Niwaeleze kwa nini. Mwaka 2005 nilikuwa darasa la nne na kaka yangu kidato cha pili. Barabara ya 9, Ngamiani, Tanga, palikuwa na kibanda cha gemu: TV mbili, PS2 mbili zilizowekewa chipu ya kusoma CD za kuchoma, benchi la mbao, na feni moja iliyoelekezwa kwenye mashine. Watoto wote walitaka mpira. Kaka alikuwa ananiamsha Jumamosi alfajiri ili tuwahi kabla wenzetu hawajafika, kisha anaomba ile CD ya Matrix. Humo unachagua kucheza kama Niobe au Ghost. Yeye anamchagua Ghost, mimi nakaa pembeni nimeshika kava mapajani. Kila tukicheza inaganda pale pale: tukishamaliza uwanja wa ndege, kioo kinakuwa cheusi na sauti inajirudia rudia. Mwenye kibanda anaifuta kwa fulana, tunaanza upya. Hatukuvuka hapo hata siku moja.

Baadaye kaka akanihadithia mwisho wake. Alisema amelimalizia kwa rafiki yake Chumbageni: Niobe na Ghost walifika Zion, mji wa mwisho wa binadamu, na chombo chao, Logos, wakapokewa kwa ngoma na matarumbeta kama mbio za Mwenge. Nikaamini. Lakini ukubwani nilipoiona filamu ya tatu, Logos inakutwa imezimika huko chini, haina umeme, na hakuna anayeeleza ilifikaje pale. Tangu siku hiyo najua kuna kipande sina.

Ndiyo maana gemu hili kwangu si sawa na magemu mengine ya filamu. Mengi yanakurudisha kwenye mambo uliyokwisha kuyaona sinemani, unapiga watu wale wale, basi. Hili lilitoka Mei 2003 sambamba na filamu ya pili, The Matrix Reloaded, na akina Wachowski wenyewe, waongozaji wa filamu hizo, waliliandikia hadithi na kulipigia picha karibu saa nzima ambazo hazimo kwenye filamu yoyote. Jada Pinkett Smith na Anthony Brandon Wong walirudi kuwaigiza Niobe na Ghost. Kuna matukio upande mmoja yako kwenye filamu, upande wa pili yako kwenye gemu.

Sasa naombeni msaada. Nataka kuifuata hadithi yote kwa mpangilio wake, kuanzia mwanzo. Nini kinatangulia nini? Nini kingine nitafute, na kwa muundo gani, DVD au Blu-ray? Na hapa Tanga chumvi na unyevu vinakula kila kitu, CD naitunzaje? PS2 ninayo, ya rafiki, haijawekewa chipu. Sijaiwasha na CD hii bado. Naogopa.

Mama Tariq, Leicester:

Marhaba mdogo wangu. Nimesoma hadi mwisho nikamwita mwanangu naye asome.

Mpangilio ni huu. Anza na filamu ya kwanza, ya 1999. Kisha tafuta The Animatrix, mkusanyiko wa filamu fupi 9 za katuni uliotoka 2003. Ndani yake kuna inayoitwa Final Flight of the Osiris. Hiyo usiiruke hata ukiwa na haraka. Wale mabaharia wa chombo cha Osiris wanaona jeshi la mashine linachimba kwenda Zion, na kabla hawajafa mwanamke mmoja anaingia ndani ya Matrix, ule ulimwengu wa kompyuta, na kutumbukiza kifurushi kwenye sanduku la posta. Hapo inaisha. Sasa wewe na kaka yako mlikuwa mnaanzia wapi kwenye gemu? Posta! Niobe na Ghost wanakwenda kukichukua kifurushi kile. Halafu kwenye Reloaded, mkutano wa makapteni wa vyombo vya Zion mwanzoni, Niobe ndiye anayeleta taarifa ya Osiris. Anayetazama filamu peke yake anaona mtu kaja na habari. Anayefuata vyote vitatu ameibeba habari hiyo kwa mkono wake.

Usiache pia katuni ya Kid's Story. Yule kijana anayemng'ang'ania Neo, shujaa wa filamu, akishuka Zion, kila mtu sinemani alijiuliza katokea wapi. Katokea humo.

Jambo jingine litakalokugusa ni yule bibi mtabiri, Oracle. Gloria Foster aliyemwigiza alifariki 2001 kabla kazi haijaisha, na Mary Alice akachukua nafasi yake. Watu walioingia kuona filamu ya tatu Novemba 2003 walishtuka kuona sura mpya. Waliocheza gemu hawakushtuka, kwa sababu Mary Alice alishaonekana humo miezi sita kabla, na bibi anaeleza mwenyewe kwa nini amebadilika na nani kasababisha. Mimi sijawahi kuona msiba wa kweli ukapewa nafasi ndani ya hadithi kwa adabu namna ile.

Mwisho wa gemu sikwambii. Ucheze.

Huku kwenye maduka ya hisani magemu ya PS2 na DVD za aina hiyo huwa ni pauni moja au mbili. Nikiiona Animatrix nitakuwekea.

Fundi wa Likoni:

Salaam alaykum. Mimi nimetengeneza PS2 Mombasa tangu zilipoingia, wacha nikujibu upande wa vyombo.

Geuza CD uangalie kando ya jina kuna maandishi SLES na namba. Ikiwa ni SLES basi ni ya Ulaya, na kama hiyo PS2 ya rafiki yako ni ya PAL, yaani mfumo wa Ulaya, kama nyingi za kwetu, itasoma bila chipu. Ingekuwa SLUS ni ya Marekani, ingekukatalia. Kisha iinamishe kwenye mwanga. Hii tunayoiita CD kwa kweli ni DVD, na orijino ya DVD huwa ya fedha chini, na kwenye duara la ndani karibu na tundu kuna namba zimechorwa ndani ya plastiki, mara nyingi na herufi IFPI. Ya kuchoma huwa na rangi ya zambarau. Hiyo ya kibanda chenu nina hakika ilikuwa zambarau. Zile rangi zinazeeka, na kwa joto letu zinazeeka upesi. Ilikuwa inaganda pahali pamoja kwa sababu kuanzia pahali pale haikuwa inasomeka tena, na fulana ya mwenye kibanda ilizidi kuiharibu.

Kusafisha: kitambaa laini kisicho na vumbi, maji kidogo, futa kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mstari ulionyooka. Usizungushe. Mkwaruzo unaokata njia za data mashine huuruka, mkwaruzo unaofuata njia huua.

Kutunza: usiweke kabati la ukutani upande wa bahari. Weka ndani ya boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na kila mwezi fungua upepee siku kavu. Simamisha kava kama kitabu, usilaze. CD yenyewe haitaharibika na ukungu upesi, karatasi ndiyo itatangulia.

Na kwenye TV mpya usinunue kile kidude kidogo cha kugeuza kwenda HDMI cha bei ya chini kabisa, picha inakuwa kama imepakwa mafuta. Kama TV yako ina matundu matano ya rangi, nunua waya wa matundu matano.

Kuhusu DVD na Blu-ray: DVD za Uingereza ni kanda 2, na sisi huku tumewekwa kanda 5. Deki nyingi za bei nafuu hazijali, lakini yako huenda inajali. Kwa Blu-ray, Afrika na Uingereza zote ni B. Ukipata Blu-ray kutoka kwa dada wa Leicester itacheza tu. Usiogope kuiwasha. CD haiharibiki kwa kuchezwa, inaharibika kwa kushikwa vibaya.

Mpenda Sinema Nai:

Niulize kwa roho safi. Mbona usumbuke na PS2? Kuna ile seti ya Ultimate Matrix Collection ya mwaka 2004, DVD 10, na picha zote zilizopigwa kwa ajili ya gemu zimo humo, pamoja na Animatrix. Unatazama zote ukiwa umekaa kitako. Nililicheza gemu lile nikiwa chuo, na ukweli lilitolewa likiwa halijaiva: magari yanatereza ovyo, kuta zinameza watu. Gemu la Path of Neo la 2005 ni bora kulicheza, na studio iliyoyatengeneza yote mawili ni ile ile, Shiny.

Mama Tariq, Leicester:

Kuhusu magari ni kweli, sikatai. Lakini Path of Neo linarudia filamu, na mwisho wake Wachowski waliubadilisha makusudi, kwa hiyo haliko kwenye mnyororo huu. Anunue baadaye kwa kujifurahisha.

Na kutazama picha peke yake hakutoshi. Ukiwa Niobe unaendesha, ukiwa Ghost unafyatua risasi dirishani, gari ni lile lile na barabara ni ile ile. Lazima umalize mara mbili kujua nini kilitokea. Seti ya DVD haina hilo.

Mpenda Sinema Nai:

Hapo umenipata. Basi niongeze jambo moja ambalo linaniuma. The Matrix Online, gemu la mtandaoni, ilifunguliwa 2005 ikaendeleza hadithi baada ya filamu ya tatu, hata kifo cha Morpheus, yule aliyemtoa Neo ndani ya Matrix, kilitokea humo. Tarehe 31 Julai 2009 wakazima mitambo. Hata ukiwa na CD yake orijino mkononi leo, haina pa kuunganika. The Matrix Awakens nayo, onyesho fupi la kuchezwa, ilitolewa bure Desemba 2021 kwa PS5 na Xbox mpya, Julai 2022 ikaondolewa madukani. Asiyekuwa ameipakua, imempita. Kijana, hiyo CD yako ya shilingi elfu tano inafanya kazi bila kumwomba mtu ruhusa. Ishike vizuri.

Kijana wa Ngamiani:

Wakuu, ahsanteni sana. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nacheza.

Fundi, ni SLES, na duara la ndani lina zile herufi. Nimeifuta ulivyosema. Boksi nimenunua, lile la kuwekea unga, na vifuko nimeomba duka la viatu wakanipa kiganja kizima.

Dada yangu wa Leicester, Osiris nimeiona kwa jirani kwanza, ndipo nikawasha PS2. Ile posta ilipotokea mwili ulinisisimka. Miaka yote ile nilidhani ni posta tu, mahali pa kuanzia kupigana. Sikujua kwamba kuna mtu amekufa ili kifurushi kile kifike pale.

Uwanja wa ndege niliumaliza Jumamosi saa tano usiku. Nikaweka padi chini nikasubiri kioo kiwe cheusi. Hakikuwa. Ikaja picha mpya, watu wanaongea, hadithi inaendelea, nami nimekaa sakafuni natazama kitu ambacho kaka yangu hakukiona.

Jana nimemaliza na Ghost. Hawafiki Zion. Zile mashine zenye mikono kama ya pweza zinawafuata kwenye mahandaki hadi hakuna pa kukimbilia, wanalazimika kufyatua lile pigo la umeme linaloua mashine zote, na Logos yenyewe inazimika pamoja nazo. Wanabaki wamekaa gizani, chombo kimekufa, hawajui kama kuna atakayekuja. Ndiyo Logos ile inayokutwa kwenye filamu ya tatu.

Nilimpigia kaka usiku ule ule. Yuko Dodoma, anaendesha malori. Nikamwambia, kaka, hakukuwa na ngoma. Akanyamaza kidogo, akaniambia yule rafiki wa Chumbageni hakuwa hata na PS. Alitunga kwa sababu mimi nilikuwa nauliza kila siku, na hela ya kibanda ilikuwa imekwisha. Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ile ya Jumamosi alfajiri: "Sasa nani aliwatoa mle gizani?"

Nikamwambia hilo liko kwenye filamu ya tatu, aje Idi tuitazame. Amesema anakuja, na kwamba nisianze kucheza na Niobe mpaka afike, niendeshe mimi yeye apige risasi. Nimemweleza kwamba hadithi ya gemu hili haichezwi wawili kwa pamoja. Anasema haidhuru, tutapokezana.